Ukiulizwa Nawe Una Hofu

Bibi alipitisha kiganja juu ya bati, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio kama mtu anayechagua chungu. Kisha akaniangalia.

"Mwanangu, wewe nakuona kanisani. Niambie, hili ni geji ngapi?"

Ilikuwa Februari 2014, kwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga. Tajiri alikaa hatua nne nyuma yangu, anahesabu noti. Wiki hiyo tulikuwa tumepokea mzigo wa mabati wenye muhuri wa geji 28, lakini sisi tulioushusha tulijua kwa mikono yetu kwamba ni geji 30. Kwa asiyefahamu, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Na huku kwetu pwani, upepo wa bahari una chumvi, bati jembamba halichelewi kuoza, na kusi ikivuma linachanika penye misumari. Tajiri alikuwa ameshatuambia asubuhi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtu akiuliza ni 28. Nyumbani Makorora nilikuwa na mke, mtoto wa miezi minne, na kodi iliyokuwa inaisha mwezi huohuo.

"Ishirini na nane, bibi," nikasema.

Akanunua 24. Nikamsaidia kuyapakia kwenye pikapu, akaondoka nayo kwake Pongwe akinishukuru.

Naandika haya kwa Mkristo mwenzangu anayedhani kwamba siku ya kujaribiwa imani yake ataitambua ikija. Mimi sikuitambua. Nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya tanuru la moto na tundu la simba, na moyoni nilijiona mtu ambaye angesimama. Lakini mimi sikuulizwa kama namkana Kristo. Niliulizwa geji.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma habari za Petro natulia pale kwa kijakazi. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro alikuwa amechomoa upanga mbele ya kundi la watu wenye silaha, akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Huyo si mwoga. Saa chache baadaye, kwa mujibu wa Yohana sura ya 18, anaulizwa mlangoni na mtumishi wa kike, asiye na upanga wala cheo, kama naye ni mwanafunzi wa Yesu, naye anasema, si mimi. Alikuwa amejiandaa kwa vita, hakuwa amejiandaa kwa swali. Uongo wa hofu hausubiri ukae uupime. Unatoka kama mkono unavyoruka ukigusa sufuria ya moto.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: jibu lako litengeneze mapema, kabla hujasimama mbele ya anayeuliza. Mimi ningeweza kumwendea tajiri asubuhi ile, kabla hatujafungua milango, tukiwa wawili tu, nikamwambia, "Bosi, mzigo nitauuza, ila mtu akiniuliza geji nitamwambia ilivyo. Kama hutaki nijibu, nipange ghalani." Ni maneno machache. Lakini ukingoja hadi mteja asimame mbele yako na bosi nyuma yako, hutayapata. Wapo walioniambia, si ungenyamaza tu? Kunyamaza nako nimekufikiria sana. Kama bibi asingeuliza, labda. Lakini ameshauliza, na anakuamini wewe kuliko muhuri. Ukinyamaza na huku unampakilia mzigo, mikono yako imeshamjibu.

Duka la pili kutoka letu lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu. Alikuwa ameletewa mzigo uleule. Akaupima, kisha akaandika kwa chaki ubavuni mwa rundo: geji 30. Nilikuwa napita pale kila siku na kuiona ile chaki. Katika Mwanzo sura ya 20, Ibrahimu anafika Gerari, anaogopa kuuawa kwa sababu ya mkewe, anasema Sara ni dada yake. Alishasema hivyo Misri, na baadaye mwanawe Isaka naye atasema vilevile kuhusu Rebeka. Abimeleki anapomuuliza kwa nini, anajibu kwamba alidhani mahali pale hakuna hofu ya Mungu. Kumbe anayeonekana kuwa na hofu ya Mungu katika kisa kile ni Abimeleki. Mimi nilikuwa kwaya, sauti ya tatu, na ukweli wa mabati yale ulikuwa umeandikwa kwa chaki kwa jirani.

Nilidhani nikishajibu, hofu itaondoka. Haikuondoka, ilihama. Mwanzo nilimwogopa tajiri, sasa nikawa namwogopa bibi, naogopa Jumapili, naogopa mvua. Jumapili ilipofika, bibi akanifuata nje ya kanisa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema amenitaja katika maombi yake. Sikuweza kumeza mate.

Nikamwendea mzee mmoja wa kanisa, mtu asiye na maneno mengi. Nilimweleza yote, nikitegemea atanifungulia Biblia. Akaniuliza neno moja tu: "Yameshapigiliwa?"

Nikasema fundi anaanza Jumatano.

"Basi una siku mbili."

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa. Tukianguka, tunakimbilia kujililia wenyewe: mimi ni mtu gani, Mungu atanisameheje. Machozi yana mahali pake, Petro naye alilia. Lakini wakati wewe unalia, kule Pongwe fundi anapanga ngazi. Uongo ukiwa bado haujapigiliwa misumari unaweza kuutengua kwa nauli ya daladala. Ukishapigiliwa, gharama inakuwa ya mwingine.

Jumatatu jioni nilikwenda. Mabati yalikuwa yameegemezwa kwenye mwarobaini, yamefunikwa turubai. Bibi alikuwa mkekani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikasema: "Bibi, nilikudanganya. Yale mabati si 28, ni 30, na nilikuwa najua." Sikutaja tajiri, sikutaja mtoto. Nilikuwa nimejipangia nisitaje, kwa sababu nilijua nikianza na sababu, kosa litapotelea humo.

Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa. Halafu akasema, "Ungeniambia siku ile, ningejua cha kufanya na hela yangu."

Hakusema amenisamehe. Akasema kesho atakuja dukani.

Jumanne nilifika mapema nikamwambia tajiri kabla bibi hajatokea, kwa maana sikutaka kumvizia. Hakupiga kelele. Bibi alibadilishiwa mabati kutoka kwenye mzigo wa zamani, geji 28 ya kweli, na mabaki yetu ya geji 30 yakaendelea kuuzwa, ila bila ule muhuri kutajwa. Mwisho wa mwezi tajiri akanilipa haki yangu yote na kuniambia nisirudi.

Najua shuhuda nyingi huishia kwa kazi nzuri zaidi na mshahara mara mbili. Yangu haikuishia hivyo, na sitaki nikudanganye tena kwenye makala ya kukuasa usidanganye. Nilibeba magunia sokoni Mgandini karibu miezi miwili. Mke wangu akaanza kukaanga vitumbua alfajiri, mtoto mgongoni. Siku niliyomwambia nimeachishwa, hakunisifu. Aliniuliza kodi italipwa na nini, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu nilikwenda Pongwe bila kumwambia. Ukiamua kusema kweli itakayogusa chakula cha watu wengine, waambie kwanza. Si ili wakuruhusu, bali wasije wakashtukizwa na uamuzi wako.

Na jambo jingine ambalo sijasikia likihubiriwa: weka kibubu. Hofu yangu siku ile ilikuwa na jina, iliitwa kodi. Kama ningekuwa na kodi ya mwezi mmoja mahali, koo langu lisingekauka vile. Tangu tulipoinuka tena tunatenga kidogo kila wiki, na mimi na mama watoto tunaiita fedha ya kusema kweli. Hatuigusi kwa sikukuu wala kwa ada.

Kuhusu maombi nitasema kidogo. Siku ile, bibi alipokuwa anapapasa bati, niliomba kimoyomoyo asiulize. Sidhani ombi hilo lilikuwa dhambi. Bwana mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, tena kwa huzuni kubwa. Lakini aliomba kisha akabaki pale bustanini hadi wakaja. Mimi niliomba nitoroke. Sasa naomba kwa namna nyingine: naomba nisipoondolewa hofu, niseme nikiwa nayo.

Maana haijaniondoka. Kwa sasa niko kwenye duka la rangi. Wiki iliyopita aliingia kijana anatafuta rangi ya kibaraza kinachotazama bahari, akachukua kopo la bei ya kati, akaniuliza kama litahimili chumvi. Mwenye duka alikuwa kaunta. Nilisikia moyo unapiga hadi masikioni, uleule, baada ya miaka yote hii.

"Hii ni ya ndani," nikasema. "Nje haitamaliza mwaka."

Akalirudisha kopo juu ya kaunta, akashukuru, akatoka.