Swali la lugha: shule ya chata nani anaisimamia, nani anaidhibiti?

Mama mmoja Mtanzania anayeishi Minnesota katuandikia kwamba mtoto wake anasoma kwenye zile shule wanazoita chata, sasa imekuja barua kuwa mwakani shule haitaendelea, na kwenye grupu la wazazi imekuwa vurugu. Mmoja anasema "serikali imefunga shule ya kukodi", mwingine "shule binafsi imenyang'anywa leseni", wa tatu "mfadhili kajitoa". Anauliza ipi sahihi, na hiyo kazi ya kuiangalia shule tuiite usimamizi, udhibiti au ukaguzi.

Zote tatu zina kasoro, dada yangu. "Ya kukodi" tupa kabisa, hiyo imetoka kwenye ndege za kukodi na hapa hakuna aliyekodi kitu. Chata ni hati, mkataba unaoiruhusu shule kuwepo, kwa hiyo mi naandika shule ya mkataba, mkipiga stori wenyewe semeni chata tu ila kijana wa Dar atadhani mnaongelea nembo ya tisheti. Binafsi nayo siyo. Minnesota ndo jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya shule hizi, 1991, na ya kwanza ikafunguliwa St. Paul 1992, haziruhusiwi kutoza ada, hela inatoka jimboni kwa hesabu ya wanafunzi, na waombaji wakizidi nafasi inachezeshwa bahati nasibu. Hiyo ni shule ya umma. Sijasema ya serikali makusudi, maana kwetu ukisema shule ya serikali mtu anaona mwalimu mkuu kapangiwa na kesho anahamishwa, wakati hii ina bodi yake ambayo kisheria lazima awemo mwalimu wa shuleni hapo, mzazi na mtu wa jamii, na bodi ndo inaajiri.

Kwenye vitenzi ndo kuna kazi. Kusimamia tumekibebesha kila kitu, meneja anasimamia duka, mjomba anasimamia ujenzi, wizara inasimamia elimu, kwa hiyo ukiandika "bodi inasimamia shule na jimbo linasimamia shule" hakuna atakayejua nani alaumiwe. Mi nagawa hivi. Bodi inaendesha. Jimbo linadhibiti, yaani linatunga sheria na kuweka masharti, na hilo neno tayari tunalo kwenye majina ya EWURA (nishati na maji) na LATRA (usafiri wa ardhini) za Tanzania, zote ni mamlaka za udhibiti na hamna inayouza umeme wala kuendesha daladala. Katikati yupo yule aliyesaini mkataba na shule, anaweza kuwa wilaya ya elimu, chuo au shirika lisilo la faida, huyo ndo anasimamia, kama msimamizi wa mtihani tu, hatungi maswali na hajibu lakini akikukuta na kikaratasi unatoka. Naye ana wa kumwangalia, tangu mabadiliko ya sheria ya 2009 lazima aidhinishwe na kamishna wa elimu wa jimbo. Ukaguzi ni kitu kidogo ndani ya hayo, mtu kaja kapekua vitabu vya hesabu kaondoka.

(Wa Tanzania mtaniuliza kuhusu uthibiti ubora wa shule, wenye th. Ule ni msamiati wa wizara, maana yake kuhakikisha shule zina ubora, msiuchanganye na udhibiti.)

"Mfadhili" najua imetoka wapi. Zamani sheria ya Minnesota ilimwita msimamizi huyo sponsa, na Ohio wanamwita hivyo mpaka leo, sponsa lakini sio yule wa Nairobi jamani, mtu akatafsiri haraka haraka ikawa mfadhili. Mfadhili kwa Kiswahili anatoa hela. Huyu wa Ohio hatoi, yeye ndo anaruhusiwa kuikata shule ada ya mpaka asilimia 3 ya hela inayopata kutoka jimboni! Ndo maana ile shule kubwa ya mtandaoni ya Ohio iliyoitwa ECOT, yenye wanafunzi kama 12,000, ilivyofungwa katikati ya mwaka Januari 2018, ukiandika "mfadhili kaifunga" msomaji anaelewa misaada imekata, kumbe jimbo lilikuwa linaidai shule irudishe takriban dola milioni 80 za wanafunzi ambao shule haikuweza kuthibitisha kuwa walisoma, na msimamizi akasimamisha shughuli.

Halafu angalieni barua imesema nini hasa. Mkataba kutoongezwa ni muda umeisha na msimamizi hakutaka kuendelea. Mkataba kuvunjwa ni kukatwa njiani kabla muda haujafika. Kote kuwili bodi inapewa notisi ya maandishi yenye sababu, mfano matokeo mabovu au hesabu mbovu, na inaweza kuomba isikilizwe, kwa hiyo tofauti hii sio ya wasomi tu, ndo itakusaidia kujua kama mtoto anamaliza mwaka au huenda akahama kabla.

Kwa maelezo yako ya "mwakani", kama barua inasema mkataba haukuongezwa, kwenye grupu tuma hivi: "Msimamizi hajaongeza mkataba wa shule yetu, bodi inayoiendesha ina haki ya kuomba kusikilizwa, tuiulize kama imeomba."