Barua kwa mwanangu: Waleteni wajukuu Agosti

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza uwalete wajukuu wangu Kampala Aprili au Agosti, shule za huko Mombasa zikifungwa, na unaegemea Aprili kwa kuwa nauli ni nafuu. Mimi nasema Agosti. Nauli ikizidi, nitakuongezea.

Usiipime Kampala kwa joto. Tuko jirani kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, kwa hiyo mchana wa mwezi wowote ni nyuzi 26 hadi 29, na usiku hushuka mpaka 17 au 18. Kinachotofautisha miezi ni mvua. Jua likivuka ikweta mwezi Machi mvua hulifuata, na Aprili ndiyo kilele chake. Likivuka tena Septemba, mvua nayo hurudi hadi Novemba au Desemba. Ni masika na vuli kama mnavyozijua Pwani, ila huku kuna ziwa. Usiku mawingu hujikusanya juu ya Ziwa Victoria, na alfajiri hutumwagikia sisi tulio ukingoni, kwa radi zinazotikisa mabati.

Aprili iliyopita nilimtembelea mama yako mdogo kule bondeni Bwaise. Nilimkuta amepandisha magodoro juu ya meza, watoto wanachota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje, ng'ambo ya kizingiti cha matofali alichojenga kuyazuia. Maji meusi ya mtaroni, mwanangu. Niliumia. Sisi wa Kibuli tuko kilimani, hatufuriki, lakini udongo mwekundu huteleza kama sabuni, boda zinakataa kupanda, na mjini watu hujibanza kwenye vituo vya petroli hadi mvua inyamaze. Sitaki wanangu wasafiri usiku na mchana kuja kukaa dirishani.

Januari ni kavu, kweli, ila vumbi lile huingia mpaka kabatini, na kitinda mimba wako ana pumu. Mwezi mzuri kuliko yote kwangu ni Julai. Kwa kuwa shule haziruhusu, njooni Agosti siku za mwanzo tu zikifungwa, maana mwishoni mvua huanza kurudi. Manyunyu mtayapata, sikufichi. Kampala haina mwezi usio na mvua kabisa. Lakini jua hutoka, njia hukauka, na nitawatembeza watoto.

Senene, wale panzi wa kuliwa, mtawakosa, hao ni wa Novemba. Nitawakaanga na kitunguu niwatumie.

Masweta yatie kwenye mkoba wa mkononi, usiyaache kwenye buti la basi. Kutoka Nakuru hadi Eldoret usiku wa Agosti kuna baridi ambayo watoto wa Mombasa hawaijui. Mkifika mpakani Malaba nipigie, hata ikiwa saa tisa za usiku.

Mama yako