Dawa si ya mababu, lakini ina asili yake

SWALI: Shikamoo mzee. Nimefungua baa ndogo hapa Kilifi na nataka Dawa, ile kokteli ya vodka, ndimu na asali, iwe kinywaji cha kututambulisha. Kakangu anasema tuandike ukutani kwamba ni kinywaji cha mababu, maana watalii hupenda hivyo. Pia anataka asali tuipike na sukari iwe sharubati, tuitie chupani, ili kazi iende haraka. Wewe uliyekaa kaunta miaka mingi wasemaje? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuthubutu.

Hayo ya mababu msiyaandike. Dawa ilizaliwa Nairobi, katika mkahawa wa Carnivore kule Lang'ata, uliofunguliwa mwaka 1980. Mfano wake ni caipirinha ya Brazili: ndimu, sukari na cachaça, pombe kali ya miwa. Ilipofika kwetu, vodka ikashika nafasi ya cachaça na asali ikaja imezungushwa kwenye kijiti. Hiyo ni kazi ya watu wa kaunta wa Kenya, na mimi naionea fahari vile ilivyo, bila kuiongezea umri. Andikeni hivyo hivyo. Mgeni akitaka cha wazee, Kilifi mna mnazi, ile pombe inayogemwa, na mgema anayepanda asubuhi na jioni. Huo una habari yake, msiuchanganye na Dawa.

Sasa sharubati. Hapo kakako anataka kukuondolea kinywaji chenyewe. Katakata ndimu moja, si limau, uitie kwenye glasi fupi na kijiko cha sukari ya kahawia. Ponda kwa mchi mpaka maji yatoke, basi. Ukizidisha, ule weupe wa ganda utatoa uchungu ambao hakuna asali itakayouficha. Jaza barafu iliyopondwa, mimina vodka mililita 50. Kisha chovya kijiti kwenye asali nzito, ukizungushe mpaka ishike, ukisimamishe ndani ya glasi.

Tazama kinachotokea: asali ikigusa barafu hukaza, inang'ang'ania kijiti. Mnywaji ndiye anayeiponda na kuikoroga, kidogo kidogo, kwa hiyo funda la kwanza ni kali na la ndimu, na la mwisho ni tamu. Sharubati hulainisha kila kitu kwa mara moja, na mnywaji hana la kufanya ila kumeza. Mtengenezee mgeni mbele ya macho yake, na sinia ya ndimu na vijiti mezani. Dakika mbili hizo ndizo anazolipia.

Asali usiitafute mbali. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna wafugaji nyuki. Nunua kwao, na hilo nalo liandike ukutani.

Leseni ya pombe hutolewa na kaunti, na aliye chini ya miaka 18 hauziwi.

Kwenye menyu kuwa mwangalifu. Mikahawa mingi huita dawa kile kinywaji cha moto cha tangawizi, limau na asali, kisicho na kileo. Kama mtauza vyote viwili, andikeni waziwazi "Dawa ya vodka" na "Dawa ya tangawizi", na mhudumu aulize kabla ya kuandaa. Mwislamu aliyeagiza ya tangawizi akaletewa ya vodka, umemkosea vibaya, na samahani haitoshi.