Jibu: Chuma chenye kutu shambani, ni bomu au bomba?
Ndugu yangu, umeuliza kama chuma ulichokikuta ukilima karibu na Utete ni bomu au bomba tu. Tazama picha yako: juu kidogo ya kitako kuna mkanda wa kijani uliokizunguka. Hiyo ni shaba, na bomba halina mkanda huo. Tena mkanda huo una mikwaruzo ya mshazari, maana yake hili ni bomu lililokwisha kupita kwenye mtutu wa mzinga, na kwa kuwa ni zima, huenda halikulipuka. La namna hiyo naliogopa kuliko ambalo halijafyatuliwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozama deltani Rufiji Julai 1915, ilibeba mizinga yenye mtutu wa upana wa milimita 105, ila nakusihi usilipime bomu lako upana ili kujua kama lilitoka humo. Usiliguse, usilisugue kutu. Weka alama, waondoe watoto, kawaambie polisi leo hii.