Uzamili wa uhandisi wa programu Ujerumani: jibu kwa mdogo wangu

Mdogo wangu, umeniuliza kama inafaa uache kazi yako ya kutengeneza programu hapo Arusha, ambayo umeifanya kwa miaka minne, uje Ujerumani kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa programu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukupa jibu la kukufurahisha tu.

Kwanza, hapa hutafundishwa kuandika programu, kwani kila mhadhiri huchukulia kwamba hilo ulishalimaliza nyumbani. Unachofundishwa ni kuwajibika kwa mfumo uliojengwa na watu wengi, baadhi yao wakiwa wameshaondoka: kudadisi mahitaji ya watumiaji kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kupanga majaribio, na kusoma msimbo wa mwenzako, yaani maandishi ya programu aliyoiandika, kwa subira. Muhula wa kwanza tulichambua kwa kina ajali ya roketi ya Ariane 5, ambayo Juni 4, 1996 iliharibika angani sekunde zisizofika 40 baada ya kurushwa. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia, ambako haikuwahi kuleta shida. Lakini roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa kwenye kumbukumbu ya kompyuta (biti 16 tu), na kompyuta za kuielekeza zikazimika. Nilikumbuka ni mara ngapi nilikuwa nimenakili msimbo wa mradi wa zamani bila kuuliza uliandikwa kwa mazingira gani. Somo hilo lilibadilisha kabisa namna ninavyofanya kazi, na ndilo linalonifanya nisijutie kuja.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, kwa kawaida utatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima ili upate viza, yaani euro 11,904 katika akaunti maalumu itakayokutolea euro 992 kila mwezi, na kodi ya chumba katika miji mikubwa humeza sehemu kubwa ya hizo. Mwambie mama mapema, na umwambie wewe mwenyewe, kwamba mwaka wa kwanza hutaweza kutuma chochote nyumbani.

Lililoniumiza zaidi ni lugha. Kozi yangu ilifundishwa kwa Kiingereza, nami nikaamini kwamba Kijerumani kingeweza kusubiri. Sheria humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi, na mimi nilitumia karibu mwaka mzima kati ya hiyo nikikataliwa. Kampuni moja ilinifikisha hadi usaili wa mwisho, kisha ikanieleza kwamba kazi yangu ni nzuri ila wateja wao huzungumza Kijerumani tu. Mhandisi wa programu asiyeweza kumsikiliza mtumiaji amekosa nusu ya kazi aliyosomea.

Kwa hiyo usiache kazi mwaka huu. Jifunze Kijerumani jioni hadi B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, weka akiba, kisha niletee barua yako ya maombi tuisome pamoja.