Hapo bado ni mrithi, si mtawala

Kuna dinari ya fedha, sarafu ya Kirumi, yenye kijana ambaye wengi humdhani ni mtawala tayari. Huyo kijana ni Marcus Aurelius, ila bado ni mrithi wa Antoninus Pius, mtawala wa Roma. Herufi AVG, kifupi cha Augusto, yaani cheo cha mtawala, ndizo zinazowachanganya. Soma mstari wote: AVRELIVS CAESAR AVG PII F COS. Hiyo F ni “mwana”, kwa hiyo ni Aurelius Kaisari, mwana wa Augusto Pius, konsuli (cheo cha juu cha Kirumi). Uaugusto ni wa baba, tena baba aliyemchukua kuwa mwanawe, si wa kumzaa. Sisi tumezoea Kaisari wa Biblia, ambaye ndiye mtawala mwenyewe, lakini kufikia karne ya 2 BK kuitwa Kaisari bila Augusto kulimaanisha mrithi.

Mwaka nao unasomeka humo humo. COS, kifupi cha konsuli, haina namba ya kuonyesha mara ya pili, na Marcus alikuwa konsuli mara ya kwanza mwaka 140, mara ya pili 145, basi sarafu ni ya katikati hapo. Utawala aliupata 161. Geuza upande wa pili: PIETAS AVG, “uchaji wa Augusto”, pamoja na jagi na vyombo vingine vya ibada. Hiyo sarafu naipenda sana, nywele za mawimbi zimechongwa uzi kwa uzi.

Kichwa kitupu bila taji la majani ni dalili nzuri, lakini usiitegemee peke yake. Hadrian, mtawala kabla ya Pius, aliwahi kuonyeshwa kichwa kitupu akiwa anatawala, na Crispus mwana wa mtawala Constantine, aliyekuwa Kaisari tu, ana taji kwenye sarafu nyingi. Maandishi kwanza, sura baadaye.