Umri wa kustaafu wa marubani ukisogezwa hadi 67, foleni ya wadogo inarefuka kiasi gani?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nina miaka 29, ni rubani msaidizi wa Dash 8 hapa Wilson, safari za humu nchini tu, na nimefikisha saa 1,900 za kuruka. Wakubwa wetu wanataka umri wa kustaafu usogezwe kutoka 65 hadi 67. Sisi wadogo tunaambiwa ni miaka miwili tu, tuvumilie. Mkopo wa SACCO uliolipa masomo yangu umebakiza miaka sita. Je, ni miwili kweli? Au nianze kutafuta kazi Ghuba? (Msomaji, South C)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako nalielewa kwa sababu nimelikalia mwenyewe. Mwaka 2006, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ilipopandisha kikomo kutoka 60 hadi 65, nilikuwa msaidizi nikihesabu kwa kalamu majina yaliyokuwa juu yangu kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Kapteni niliyemtarajia atoke Machi alikuja kazini Aprili na begi lake lile lile. Nilimheshimu sana, lakini siku hiyo sikuweza kumtazama usoni.

Tuanze na hesabu. Tuseme kampuni ina marubani 80, watatu wanastaafu kila mwaka, na wewe ni wa 12 katika foleni ya wasaidizi wanaosubiri ukapteni. Kwa kanuni ya sasa zamu yako inafika baada ya miaka minne. Umri ukisogezwa, miaka miwili ya kwanza hakuna anayetoka kwa umri, kisha mwendo wa watatu kwa mwaka unarudi. Kwa hiyo unafika baada ya miaka sita. Kwenye karatasi, basi, ni miwili, na foleni hailipi deni hilo baadaye. Unarudishiwa mwishoni, ukiwa na miaka 65, kama afya itakuwa bado inakuruhusu. Hapo ndipo neno "tu" linaponiudhi. Kijana anatoa sasa hivi, wakati ana mkopo na watoto wadogo, na anaahidiwa kurudishiwa uzeeni kwa sharti la daktari.

Na daktari si mtu wa kubembelezwa. Ukishapita 60, cheti cha afya cha daraja la kwanza kinapimwa kila miezi 6. Moyo, sukari, macho, masikio: wengi hutolewa na kimojawapo kabla ya kikomo chenyewe. Hiyo inapunguza kidogo ucheleweshaji kwako, maana si kila mwenye 65 ataendelea. Lakini inapunguza pia thamani ya ile miaka miwili unayoahidiwa.

Kinachoamua zaidi ya umri ni ndege. Ndege moja ya safari fupi ikifanya kazi kutwa, hukadiriwa kuhitaji marubani 10 hadi 12, nusu yao makapteni. Katika mfano wetu, kustaafu kukisimama miaka miwili unapoteza nafasi sita. Kampuni ikileta ndege moja, unapata tano au sita. Ikiegesha moja kwa kukosa injini, unapoteza nyingine kama hizo. Kwa hiyo anayekuambia "67" bila kukuambia mpango wa ndege amekupa nusu ya habari.

Marekani walilipata hili kwa uchungu. Rais Bush alitia saini sheria ya 65 tarehe 13 Desemba 2007. Mwaka uliofuata uchumi ukaanguka, ndege zikaegeshwa, vijana wakapewa likizo bila malipo, na waliokuwa juu yao hawakuwa wakitoka. Umri peke yake haukuwaumiza kiasi kile. Waliumizwa na umri na uchumi kwa pamoja.

Lakini jambo ninalotaka ulishike, na ambalo kwenye mijadala yetu Nairobi silisikii, ni hili: huyo mzee wa 66 atakaa kiti gani? Kikomo cha 65 cha ICAO kinahusu usafiri wa kibiashara wa kimataifa. Nchi inaweza kujiamulia lake ndani ya mipaka yake. Kanada na Australia hazina kikomo kabisa cha kitaifa, Japani inaruhusu hadi 67. Ila rubani huyo akivuka mpaka, nchi anayoingia ina haki ya kumkataa. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilipeleka ombi la 67 kwa ICAO mwaka 2025, na kikomo cha kimataifa kimebaki 65.

Sasa angalia ramani yetu. Entebbe ni kimataifa. Kilimanjaro ni kimataifa. Kenya ikipandisha umri peke yake, kapteni wa Dreamliner, ndege kubwa ya safari ndefu, mwenye 66 hawezi kutegemea London wala New York. Anabaki na Mombasa, Kisumu, Eldoret, Malindi. Yaani anashuka mpaka kwenye safari zako. Kile kiti cha kushoto cha Dash 8, yaani cha kapteni, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa darasa la makapteni wapya, kinakuwa kiti cha kumalizia kazi. Kwa aliye msaidizi wa ndege kubwa, hasara inaweza kuwa ndogo, maana mkubwa wake anatoka juu kama kawaida. Wewe wa safari za ndani ndiye unayebebeshwa mzigo wote, na huo unaweza kuzidi miaka miwili.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa chama msibishane juu ya namba 67. Ombeni iandikwe kwamba anayepita 65 harudi kwenye ndege ndogo kumpita mtu aliye kwenye foleni. Na ombeni wazee wetu wapewe simuleta, ile mashine ya kufundishia urubani bila kuruka. Kikomo cha umri kinahusu kurusha ndege za kibiashara, hakimzuii mtu kufundisha humo. Mkono uliotua Kisumu kwenye mvua ya jioni kwa miaka thelathini una mengi ya kumpa kijana, na hauhitaji kukalia kiti chake ili kumpa. Naamini hivyo kwa moyo wote, na mimi mwenyewe nina miaka 61.

Kuhusu Ghuba: huko nako safari ni za kimataifa, kwa hiyo kikomo ni kile kile 65. Nenda kama mshahara na aina ya ndege vinakufaa. Usiende kwa kukimbia mjadala huu.

Ila kuna moja lililo mikononi mwako leo. Una saa 1,900, na ATPL, leseni ya juu ya urubani inayohitajika kwa ukapteni, inadai 1,500. Hukuniambia kama umemaliza mitihani yake. Kama bado, kaa chini mwezi huu uimalize. Zamu yetu ilipofika hatimaye, wawili waliokuwa mbele yangu walirukwa kwa sababu karatasi zao hazikuwa tayari, na barua ya kozi ya ukapteni ikaja kwangu.